Namba zinavushwa, mizani haipimwi

Kila mwaka majuma ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari hapa Kongo, yakikaribia, naliona jambo lile lile kwenye vituo vya reli kati ya Kalemie na Kabalo, na pale Niemba naliona zaidi. Jua likishatua, finalisti, kama tunavyowaita wanafunzi wa mwaka wa mwisho, hukusanyika nje ya duka lenye taa ya sola. Kila mmoja ana bunda lake la fotokopi: itemu, yaani maswali ya mtihani, za miaka iliyopita, zimefifia hadi alama ya kutoa huwezi kuitofautisha na doa la wino. Wanasoma kwa sauti. Ukisogea karibu utasikia kibwagizo chenyewe: "Ikivuka inabadili alama, ikivuka inabadili alama." Muulize mmoja wao kwa nini inabadili alama. Atacheka kidogo, halafu atakujibu: "Mwalimu ndivyo alivyosema."

Niseme msimamo wangu mapema ili tusipotezeane muda. Watoto wetu hawashindwi na x. Wanashindwa kwa sababu tumewafundisha kuvusha namba kutoka upande mmoja wa mlinganyo kwenda mwingine bila kuwaeleza kwamba kuna kitu kinachopimwa hapo, na kwa sababu hakuna anayewadai walirudishe jibu mahali lilipotoka waone kama linakaa. Kulirudisha jibu ni kazi ya nusu dakika. Haina ada, haihitaji kitabu kipya wala umeme. Ndiyo silaha ya bei nafuu kuliko zote ambayo mtoto wa maskini angeweza kuingia nayo kwenye chumba cha mtihani, nasi tumemnyang'anya.

Tatu inavuka, jibu linapotea

Tufungue daftari. Nimeyapitia mengi, ya Niemba na ya Kalemie mjini, na kosa hili linarudi kila mahali hadi mtu angedhani lilitolewa kwa fotokopi. Swali: 3x = 12. Mwanafunzi anakumbuka kibwagizo chake. Tatu inavuka, inabadili alama, inakuwa hasi tatu. Anaandika x = 12 − 3, halafu x = 9. Anapiga mstari mara mbili chini ya tisa, kwa rula, safi kabisa, na kwenda swali linalofuata.

Sasa mrudishe nyuma. Tatu mara tisa ni ngapi? Ishirini na saba. Swali lilisema ngapi? Kumi na mbili. Mtoto yeyote anayejua jedwali la tatu angeshtuka hapo hapo. Lakini hakurudi, kwa hiyo hakushtuka. Kibwagizo hakikumwambia kwamba ile tatu ilikuwa imeshikamana na x kwa kuzidisha, na kinachofungua kuzidisha ni kugawanya. Kilimwambia ivuke tu.

Chukua jingine, la kiwango kinachowaangusha hata wenye majina darasani: 5 − 2(x − 3) = 1. Hapa makosa ni ya aina mbili. Wapo wanaotoa mbili kwenye tano kwanza, wanapata 3(x − 3) = 1, na kuishia na x = 10/3. Wapo wanaofungua mabano vizuri kwa x lakini wanasahau kwamba hasi mbili mara hasi tatu ni sita chanya; wanaandika 5 − 2x − 6 = 1 na kupata x = −1. Anayefuata njia sawasawa anaandika 5 − 2x + 6 = 1, yaani 11 − 2x = 1. Anatoa 11 pande zote mbili, anabaki na −2x = −10, anagawanya pande zote kwa −2, x ni 5. Kisha anarudi: tano toa tatu ni mbili, mbili mara mbili ni nne, tano toa nne ni moja. Imekaa. Yule wa −1 angerudi angekuta 13 mahali palipotakiwa 1.

Ona neno nililolirudia: pande zote. Mlinganyo ni mizani ya sokoni, sahani mbili zilizo sawa. Ukipunguza kilo kwenye sahani hii, punguza kilo kwenye ile, la sivyo mnunuzi atapiga kelele. Hakuna kinachovuka. Kinachoonekana kama kuvuka ni matokeo ya kutenda lile lile kushoto na kulia. Mwanafunzi anayelijua hili hahitaji kukariri sheria ya alama, wala hawezi kuichanganya sheria ya kujumlisha na ya kuzidisha, maana kila hatua anaiuliza: nimezitendea pande zote mbili sawa?

Mama muuza ndagala anajua

Kuna wanaosema algebra ni hesabu ya wazungu, haina kazi kijijini. Nawaalika wakae nusu saa kwenye meza ya mama anayeuza ndagala waliokuja kutoka ziwani. Siku moja nilimpa msichana aliyekuwa akimsaidia mama yake kupanga mafungu swali hili, kwa maneno tu: "Mama ameuza nusu ya ndagala asubuhi, theluthi mchana, jioni zimebaki kilo nne. Alianza na kilo ngapi?" Msichana alianza kutafuta kalamu. Mama hakutafuta chochote. Aliendelea kufukuza nzi na kusema: "Nusu na theluthi zikiondoka, inabaki fungu moja katika sita. Fungu moja ni nne. Ilikuwa ishirini na nne." Kisha, bila kuambiwa na mtu, akaongeza: "Kumi na mbili asubuhi, nane mchana, nne hizi. Ndiyo."

Hilo "ndiyo" la mwisho ndilo ninaloliandikia makala haya. Mama alihakiki. Alihakiki kwa sababu akikosea ni fedha yake inayopotea. Mali bila daftari hupotea bila habari, na asiye na daftari hulazimika kuhesabu mara mbili kichwani. Binti yake, aliye darasani kwa miaka yote hii, aliandika baadaye x/2 + x/3 + 4 = x kwa mwandiko mzuri, akaanza kuvusha, na katika mstari wa tatu ile nne ikawa hasi pasipo sababu. Alipopata jibu lisilowezekana, kilo chini ya sifuri, hakuliona kuwa haliwezekani. Ni nani aliyemfundisha kwamba jibu la darasani halina haja ya kuwa na akili ya sokoni?

Kitabu kisicho na x

Ingefaa walimu wetu wawasimulie watoto jambo hili, maana linaondoa woga. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha algebra huko Baghdad katika enzi ya khalifa al-Ma'mun, kati ya mwaka 813 na 833, hakutumia x hata mara moja. Hakuwa na alama ya kujumlisha wala ya usawa. Aliandika kila kitu kwa maneno, na ile namba isiyojulikana aliiita kitu. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu mirathi: mtu amekufa, ameacha mke, watoto na deni, ameusia kiasi fulani kwa mgeni; kila mmoja apate ngapi? Alama ya usawa tunayoichora leo ilikuja mwaka 1557, katika kitabu cha Robert Recorde wa Wales, aliyechagua vistari viwili sambamba kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyolingana zaidi ya hivyo.

Rudi nyuma zaidi, kando ya Mto Nile, karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo. Mwandishi aliyeitwa Ahmes alinakili kwenye mafunjo maswali ya aina hii hii. La ishirini na nne linasema: kiasi fulani pamoja na sehemu yake ya saba ni 19. Kiasi hicho ni kipi? Ahmes anapata 16 na sehemu tano za nane. Je, aliishia hapo? Hapana. Anachukua sehemu ya saba ya jibu lake, mbili na sehemu tatu za nane, anaijumlisha, na kuonyesha kwamba inatimia 19. Mafunjo yale sasa yako British Museum, London. Mtu wa zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, Mwafrika, alijua kwamba jibu halijawa jibu mpaka lirudishwe. Sisi wenye vikokotoo kwenye simu tumelisahau.

Lugha si kisingizio, wala si dawa ya peke yake

Najua msomaji mmoja tayari ameinua kidole: tatizo ni Kifaransa. Ana haki, nusu. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa zitumike kufundishia miaka ya mwanzo ya shule ya msingi, na kwetu mkoani Tanganyika lugha hiyo ni Kiswahili. Baada ya hapo mtoto anaingia kwenye Kifaransa na habaki na daraja la kurudia. Akisoma itemu inayoanza na habari ya baba aliye na umri mara tatu ya mwanawe, anapigana kwanza na sentensi, na nguvu zake zinaishia hapo kabla x haijaonekana.

Lakini tutazame ng'ambo ya ziwa. Watanzania wanafundisha hisabati ya shule ya msingi kwa Kiswahili, milinganyo rahisi ikiwemo, kabla ya kuhamia Kiingereza sekondari. Hata hivyo katika matokeo ya kidato cha nne ya miaka ya karibuni, watahiniwa walio wengi sana wameshindwa somo la Hisabati. Kwa hiyo lugha peke yake haiponyi. Kibwagizo cha "inavuka, inabadili alama" kinaweza kuimbwa kwa Kiswahili safi na bado kikawa giza. Ninachotaka ni kitu kidogo zaidi: mwalimu wa Niemba alieleze swali kwa Kiswahili kwanza, darasa lijibu kwa maneno jinsi mama muuza ndagala alivyofanya, halafu ndipo Kifaransa na x viandikwe ubaoni. Walimu wazuri wanafanya hivyo kimyakimya, wakiogopa mkaguzi asiwasikie. Waogope nini?

Upo pia ufa ambao si wa mwalimu. Nje ya nchi, jina la Niemba hutajwa kwa sababu ya vita: tarehe 8 Novemba 1960 doria ya askari 11 wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa ilishambuliwa karibu na hapa, na 9 kati yao wakapoteza maisha. Vita vilivyo karibu zaidi nasi havitajwi sana huko nje. Mapigano kati ya Batwa na Baluba, makali zaidi mwaka 2016 na 2017, yaliwakimbiza watu wa vijiji vingi vya mkoa huu na kuacha shule nyingi zimebomolewa au kuchomwa. Watoto waliokuwa wadogo wa shule ya msingi wakati ule ndio finalisti wa miaka hii. Wengi walikosa miezi, wengine miaka, na mara nyingi kilichokosekana ni sehemu: nusu, theluthi, robo, na jinsi ya kuzijumlisha. Mpe mtoto huyo x/2 + x/3 = 10. Atajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, apate 2x/5, na jibu lake litakuwa 25. Arudi: nusu ya ishirini na tano ni kumi na mbili na nusu, tayari imezidi kumi kabla hata theluthi haijafika. Angejua papo hapo kwamba pana kosa, hata kama hakujua la kurekebisha. Jibu ni 12: sita na nne. Anayerudisha jibu anapata nafasi ya kuziba pengo lake mwenyewe, bila kungoja mradi wa mtu yeyote.

Namba ya tano

Exetat, iliyoanza mwaka 1967, ina tabia yake, na tabia hiyo imeharibu ufundishaji. Maswali yake mengi ni ya kuchagua. Karatasi ya majibu haina nafasi ya kuonyesha njia. Unatia alama kwenye namba uliyoichagua, basi. Ndiyo sababu shule zinakimbilia mkato. Prefe, yaani mkuu wa shule, anataka asilimia, mzazi anataka diploma, mwalimu anataka darasa limalize programu. Mwalimu mwenyewe pengine hayumo kwenye orodha ya mishahara ya Serikali, anaishi kwa michango ya wazazi, na darasa lake limejaa hadi dirishani. Nani atampa muda wa mizani?

Lakini angalieni kinyume cha mambo. Mtihani wa kuchagua ndio mtihani unaomfaa kuliko wote mtu anayejua kurudisha jibu! Majibu yako mbele yako. Chukua la kwanza, litie mahali pa x, lione. Halikai? Chukua la pili. Hata aliyesahau njia nzima ya kufungua mabano anaweza kulifikia jibu kwa kuhakiki tu. Na waliotunga itemu walilijua hilo, ndiyo maana namba ya tano mara nyingi husema kwamba jibu sahihi halipo. Hapo ndipo anayebahatisha huogopa. Aliyejaribu yote manne na kuona hayakai, anaweka alama kwenye tano bila mkono kutetemeka.

Zipo pia zile itemu za mtego. 2(x + 3) = 2x + 5. Anayevusha anajikuta na 6 = 5 na x imetoweka; anadhani amekosea, anaanza upya, dakika kumi zinapotea. Anayepima anatazama sahani mbili: 2x na sita huku, 2x na tano kule. Vyovyote x iwavyo, haziwezi kulingana. Hakuna jibu, na huo ndio ukweli wa swali.

Msimu huu huu ndio msimu wa wachuuzi wa majibu, wanaotembea na vikaratasi na ujumbe wa simu wakidai wana namba zote kutoka Kinshasa. Familia zinalipa. Kumbe mitihani hutolewa kwa mifululizo tofauti, na namba za mfululizo wa jirani si zako. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Huyu hufa maskini na ada yake imeshalipwa.

Gharama inayolala nyumbani

Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya Serikali ni bure, na hilo ni jambo la kushukuru. Sekondari si bure. Mtoto anapofika mwaka wa mwisho, nyumba nzima inakuwa imeshajipanga nyuma yake: mbuzi ameuzwa, zamu ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, imebadilishwa ili mama apokee mapema, wadogo wamesubiri sare zao. Akipata, tunammwagia poda kichwani barabara nzima iwe nyeupe. Asipopata nusu ya alama, anarudia mwaka, na mbuzi wa pili hayupo.

Hapo ndipo baadhi ya wazazi huingia kwenye banki lambert, ile isiyo na mlango wala kibao, ya mtu binafsi anayekukopesha leo na kudai zaidi mwisho wa mwezi. Tuseme sharti ni kurudisha ulichochukua pamoja na nusu yake, nawe una hakika ya kupata faranga 90,000 tu mwisho wa mwezi. Ukope ngapi? x + x/2 = 90,000. Wengi hukimbilia kugawanya 90,000 kwa mbili, au kukopa 90,000 zote wakidhani watajua mbele ya safari. Jibu ni 60,000. Rudisha uone: sitini na thelathini. Na ukipitisha mwezi mmoja bila kulipa, mlinganyo mwingine unaanza, wenye x kubwa zaidi. Je, mtoto aliyesomeshwa kwa mkopo ule hapaswi kuwa wa kwanza nyumbani kumwonyesha baba hesabu hiyo kabla hajatia kidole kwenye wino?

Kwa hiyo nina maombi mawili, na hayahitaji bajeti ya wizara. Maprefe na walimu wa hesabu: katika kila zoezi la milinganyo, tangu mwaka wa saba hadi wa mwisho, toeni alama moja kwa jibu na alama moja kwa mstari wa kulirudisha, hata jibu likiwa kosa, mradi mwanafunzi ameandika waziwazi kwamba halikai. Nanyi wazazi, msiseme hamkusoma algebra. Leo jioni chukua daftari la mwanao, weka kidole juu ya jibu lolote lililopigiwa mstari mara mbili, umwambie: "Lirudishe, nione." Akikuonyesha, mpe chakula chake. Asipoweza, mpe chakula chake vilevile, kisha kesho asubuhi nenda shuleni ukamuulize mwalimu.